Pampu ya moyo inapookoa uhai na kuhatarisha mguu

Aprili 2020, madaktari wa Los Angeles walimkata mguu wa kulia mwigizaji Nick Cordero, raia wa Canada, aliyelazwa mahututi kwa COVID-19. Ugonjwa wake ulikuwa wa mapafu. Kwa nini basi mguu?

Cordero alikuwa amewekewa ECMO, mashine inayotoa damu mwilini, kuitia oksijeni na kuirudisha. Mara nyingi mabomba yake hupitia kinenani, kwenye mshipa uleule unaopeleka damu mguuni. Ni kama kuingiza mpira ndani ya bomba la maji ya shamba: kinachobaki kupita ni kidogo. Tena damu ikigusa plastiki hupenda kuganda, hivyo mgonjwa hupewa dawa ya kuizuia. Cordero dawa hiyo ilimvujisha damu matumboni. Ilipositishwa, damu iliganda, haikufika chini. Alifariki Julai mwaka huohuo.

Je, hatari hiyo inastahili? Majibu yanatofautiana kulingana na mashine.

Mwaka 2023, utafiti wa Ujerumani na Slovenia uliangalia zaidi ya wagonjwa 400 ambao mioyo yao ilishindwa kusukuma damu baada ya shambulio la moyo. Waliowekewa ECMO mapema na wasiowekewa walikufa karibu sawa, takriban nusu kila upande, ndani ya siku 30. Lakini matatizo ya mishipa yaliyohitaji matibabu yaliwapata 11 kati ya 100 wenye mashine, dhidi ya 4.

Mwaka uliofuata, Denmark, Ujerumani na Uingereza zilitoa matokeo ya Impella, pampu ndogo inayokaa ndani ya moyo wenyewe. Baada ya siku 180 walikuwa wamekufa 46 kati ya 100, dhidi ya karibu 59 wasiokuwa nayo. Mguu kukosa damu: karibu 6, dhidi ya 1.

Tusilinganishe kwa pupa. Utafiti wa pili uliwaacha nje waliobaki bila fahamu baada ya moyo kusimama. Wa kwanza ulikuwa na wengi waliofufuliwa. Hata hivyo, kwa maoni yetu, ECMO ya mapema kwa kila mgonjwa wa aina hii sasa ni vigumu kuitetea.

Madaktari wengi huongeza kibomba chembamba cha kupeleka damu chini ya mguu. Wauguzi nao hugusa nyayo mara kwa mara, wakitafuta ubaridi au weupe, kwani damu ikikatika kabisa, misuli huanza kufa baada ya saa 6 hivi.