Si kila aluminiamu huchomelewa

Gerezani, Kariakoo, ni kimbilio la wenye vipuri vilivyovunjika. Fundi huchomelea, mteja hulipa na kuondoka. Lakini si kila aluminiamu huvumilia moto. Ile ngumu iliyochanganywa na zinki na shaba, kama aina ya 7075, hupata nyufa ikichomelewa. Pembeni mwa kiungo hupoteza nguvu, kisha unyevunyevu na chumvi ya bahari huanza kuila taratibu. Kwa nje hung'aa. Siku ya mzigo mzito hukatika ghafla na kuua.

Tunawashauri mafundi: usipojua aina ya aluminiamu uliyoshika, mwambie mteja anunue kipuri kipya. VETA na SIDO nao walifikishe somo hili kwenye karakana za mitaani. Rahisi ni ghali.