Viumbe vya Bahari: Papa Nyundo

Wengi wetu tuishio bara humwona papa sokoni tu, amekwisha kukaushwa kwa chumvi na kichwa kimekatwa. Kumbe pengine kichwa hicho ndicho kilichostahili kutazamwa. Papa nyundo, aitwaye pingusi na wavuvi wa pwani, ana kichwa kipana mfano wa nyundo, na macho yake yamo kwenye ncha zake mbili.

Umbo hilo si pambo. Upande wa chini mna vitundu vingi vihisivyo umeme hafifu utokao katika miili ya viumbe. Hupitisha kichwa juu ya mchanga kama askari atafutaye bomu lililofukiwa. Akimgundua taa aliyejificha, humgandamiza kwa kichwa hicho hicho, akamla, mwiba wake wa sumu usimzuie.

Aina zake ni karibu kumi. Aliye mkubwa kuliko wote hufikia mita 6, ilhali wadogo hawatimizi hata mita 1.

Hatagi mayai, bali huzaa watoto hai, ambao vichwa vyao laini hukunjika nyuma wakati wa kuzaliwa. Wale wa aina nyingine hukulia katika maji ya kina kifupi, na huko ndiko ziliko nyavu. Aina kadhaa, yule mkubwa akiwamo, zilitangazwa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Tena anaponaswa hufa upesi, hata mvuvi mwenye huruma mara nyingi humrudisha baharini akiwa mfu.