Mchezo Jukwaani Ueleweke kwa Viziwi Pia



Katika vijiji vyetu mafunzo mengi ya kilimo hutolewa kwa ngoma, ngonjera na maigizo. Njia hii ni nzuri. Watu hucheka, na huku wanajifunza. Lakini je, kiziwi aliyekaa kati yao anapata nini?

Tuchukue mchezo wa dawa ya viwavi. Mkulima mzembe anachanganya dawa kwa mikono mitupu. Bomba linaziba. Yeye analipuliza kwa mdomo. Watu wanacheka. Kisha jirani anamwonya kwa maneno kwamba dawa ile ni sumu. Wenye kusikia wamelisikia onyo. Kiziwi ameona mtu akipuliza bomba na watu wakifurahi. Anaweza kwenda shambani kwake akafanya vivyo hivyo. Mchezo wa kumwokoa umemwingiza hatarini.

Dawa ya jambo hili ni mkalimani wa lugha ya alama. Huyu husikia maneno ya wachezaji, akayaeleza kwa mikono na uso. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili. Hutumika katika shule za viziwi, kama ile ya Tabora iliyoanza mwaka 1963.

Kamati ya kijiji ifanye hivi:

Kwanza, waulizeni viziwi wenyewe kama watakuja, na wanatumia alama zipi. Wengine hawakusoma. Wanajua alama za nyumbani tu. Hao wahitaji pia kiziwi mwenzao au ndugu mzima anayezijua alama zao. Msimpe mtoto kazi hiyo.

Pili, tafuteni mkalimani mapema. Ulizeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, kwa Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA), au katika shule ya viziwi iliyo karibu. Wekeni malipo na nauli yake katika bajeti, kama mnavyoweka chakula cha wacheza ngoma.

Tatu, mpeni mchezo kabla ya siku yenyewe. Nyimbo, methali na mafumbo ni vigumu kuvifasiri papo kwa papo. Mchezo ukiwa mrefu, wawepo wakalimani wawili wapokezane. Mikono na akili huchoka.

Nne, asimame karibu na wachezaji, si nyuma ya ngoma wala pembeni kabisa. Viziwi wakae mbele, waone mchezo na mkalimani kwa pamoja. Nguo yake iwe ya rangi moja, tofauti na rangi ya ngozi yake, ili mikono ionekane. Usiku awe na taa yake. Gizani lugha ya alama haisomeki.

Tano, mchezo ukiisha, waulizeni viziwi wamejifunza nini. Wapeni nafasi ya kuuliza na kujibiwa.

Jambo hili si hisani. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mkataba huo unataja hata michezo ya kuigiza. Kiziwi naye hulima, huchangia maendeleo ya kijiji na hushika bomba la dawa kama sisi.

Basi, mnapojiandaa kwa Nane Nane, msihesabu ngoma na viti tu. Wahesabuni na viziwi wa kijiji chenu.