Athena Tunamsoma Darasani, Lipiko Tunalichoma Moto

Mwaka jana, katika somo la falsafa ya Kigiriki, mwalimu alituonyesha picha za Parthenon, hekalu lililojengwa Athens kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo. Upande wa mashariki, juu ya nguzo, wachongaji walionyesha Athena akizaliwa kutoka kichwani mwa Zeus. Upande wa magharibi, Athena na Poseidon wanagombea nchi ya Attika. Sote tuliandika, maana mtihani ulikuwa karibu. Hakuna aliyeuliza kama kujifunza habari hizo ni dhambi.

Mimi nilimkumbuka mjomba wangu, mchongaji katika kijiji kimoja cha Newala. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, nimetoka tu kupata Kipaimara, alinionyesha lipiko alilolichonga kwa ajili ya ngoma ya midimu, inayochezwa vijana wanapotoka jandoni. Nilimwambia hicho ni kitu cha shetani. Hakunijibu. Jioni alilitia motoni mbele yangu. Wakati ule niliona nimeshinda.

Leo naona nilitumia mizani miwili. Wamakonde nao wana hadithi ya kuchonga. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliiandika. Mtu mmoja aliyeishi peke yake porini alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha kwenye makao yake. Usiku ikapata uhai, ikawa mwanamke. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa amekufa kando ya Ruvuma, na wa pili vivyo hivyo katika bonde la Mbwemkuru. Wa tatu akazaliwa juu, Mahuta, akaishi. Ndiyo maana watu wakakaa uwandani, ingawa maji yako mbali. Nimekaa seminari miaka mingi, na hadithi hii nimeisoma katika kitabu cha mgeni.

Mtu atasema: Zeus haabudiwi tena, bali mila zetu bado zinafanywa. Hoja hiyo ina uzito. Hata Mtume Paulo, katika Matendo sura ya 17, roho yake ilichukizwa alipoona Athens imejaa sanamu. Lakini alitembea, akatazama, na hotuba yake akaianzia kwenye madhabahu yao wenyewe. Wagiriki nao walizipima hadithi zao: Xenophanes aliwacheka watu wanaojichongea miungu kwa sura yao, na Plato alitaka hadithi zichujwe kabla ya kusimuliwa watoto. Wote hao walikijua walichokikosoa. Mimi nililihukumu lipiko bila kuuliza hata swali moja.

Palipo na hofu, uchawi au mafundisho yanayomdhalilisha binti, Kanisa liseme hapana, tena kwa sauti. Ila kupambanua si kuteketeza. Ndugu zetu Waanglikana wa Masasi walijaribu njia nyingine: Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wao wa kwanza mwaka 1926, hakulifuta jando bali alilipa sura ya Kikristo. Huko Roma, sanamu ya Laokoon, kuhani wa Troya katika hadithi za kale, ilipofukuliwa mwaka 1506, Papa Julius II aliinunua, na mpaka leo iko Vatikani.

Tusipotunza sisi, watatunza wengine. Lipiko lililoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984 lilionekana baadaye katika jumba la makumbusho Geneva, na lilirudishwa nchini mwaka 2010. Lile la mjomba wangu halitarudi.

Kwa hiyo nawaomba waseminari wenzangu na vijana wa parokia zetu: likizo hii, kila mmoja akae na mzee mmoja, aandike hadithi moja. Tukiwa na maandishi, tutaweza kuyapima kwa Injili pamoja na mapadre na wazee wenyewe.

Mimi nimeanza. Likizo iliyopita nilimwendea mjomba nikamwomba radhi. Alicheka, akasema macho hayaoni tena vizuri ya kuchonga, ila mdomo bado upo. Nikatoa daftari.