Mgomo wa Madaktari: Huku Visiwani Tunaumia Mara Mbili

Wacha niseme mapema tusije tukasumbuana: kwenye hii stori ya migomo ya madaktari mimi siko upande wa serikali. Na siko pia kwa ile timu ya "madaktari wako sawa kwa kila kitu". Niko upande wa mtu wa Ndau anayeamka na homa kali siku ya tatu ya mgomo, maji yametoka, boti imekaa kwenye tope. Huyo hana chama. Hana msemaji wa kuhojiwa kwenye runinga.

Kama unasoma hii ukiwa Mombasa ama Nairobi, nisikize vizuri, kwa sababu mgomo mnaouona nyinyi si ule tunaouona sisi Lamu.

Kwenu mgomo ukianza unapiga hesabu: hospitali ya serikali hakuna mtu, wacha niende ya kibinafsi hapo mtaa wa pili, mfuko utaumia lakini nitatibiwa. Huku hesabu ni nyingine kabisa. Hospitali kubwa ya kaunti, King Fahd, iko Amu mjini. Kisiwa cha Pate kina ya Faza. Bara kuna ya Mpeketoni. Ukitoka hapo ni vituo vidogo na zahanati, na kwenye zahanati utakayemkuta mara nyingi ni nesi ama afisa wa kliniki, si daktari. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 kaunti nzima, na tumetawanyika: Amu, Manda, Pate, Ndau, Kiwayu, na bara mpaka vijiji vya msitu wa Boni.

Mtu wa Kiwayu akitafuta daktari hapandi matatu, anapanda boti. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na anayemsindikiza naye ana nauli yake. Sasa fika na hiyo gharama yote halafu uambiwe "madaktari wamegoma, mrudi wakimaliza". Hujapoteza asubuhi moja hapo. Umepoteza pesa ya chakula cha nyumba. Hiyo ni mara ya kwanza tunapoumia.

Mara ya pili ni rufaa. Kesi ikiwa nzito, mgonjwa anavushwa mpaka Mokowe, kisha barabara ya zaidi ya kilomita 300 mpaka Mombasa, Coast General. Lakini mgomo ukiwa wa nchi nzima, huko anakopelekwa nako wamegoma. Unamvusha umpeleke wapi?

Na usifikirie ni dharura tu. Fikiria mzee wa sukari ama mama wa presha aliyepewa tarehe ya kurudi kuangaliwa dawa. Tarehe inapita, mgomo haujaisha. Hatasema kitu, atanunua vidonge vilevile dukani ama ataacha kabisa. Mgomo ukiisha anarudi, anakuta foleni ya wote waliokuwa wanasubiri kama yeye.

Linganisha na Uingereza. Agosti 2024 madaktari wa familia wa huko, wale ambao kila mtu amesajiliwa kwao mtaani kwake, walianza hatua ya pamoja kudai pesa zaidi kwa kliniki zao. Hawakufunga milango. Chama chao kiliwapa orodha ya hatua za kuchagua, mojawapo ikiwa daktari asione wagonjwa zaidi ya 25 kwa siku. Wagonjwa walipata wasiwasi kwamba miadi itakuwa ngumu zaidi kupata, na wana haki. Lakini taa ya kliniki ilibaki inawaka.

Utaniuliza, kwa nini wetu wasigome hivyo hivyo? Swali zuri. Jibu langu ni kwamba serikali zetu zimewafundisha madaktari kuwa ukigoma kidogo hakuna atakayekusikia.

Angalia tarehe. Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, lakini tarehe najua kusoma. Juni 2013 serikali ilitia sahihi mkataba wa pamoja na chama cha madaktari, KMPDU. Haukutekelezwa. Desemba 5, 2016 madaktari wakatoka. Februari 2017 viongozi wao wakatupwa jela. Walirudi kazini Machi 14, 2017, siku 100 zimekatika. Hatujapumua vizuri, Juni 5 wauguzi nao wakagoma mpaka Novemba, karibu miezi mitano. Jumlisha mwenyewe: kati ya Desemba 2016 na Novemba 2017, muda ambao hakukuwa na mgomo wowote mkubwa haukufika miezi mitatu.

Songa mbele. Machi 2024 madaktari wakagoma tena, siku 56, mpaka Mei 8. Mzozo? Mkataba wa 2017. Daktari mwanagenzi alikuwa ameahidiwa karibu shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikaja na 70,000. Na hata baada ya kurudi kazini, ilibidi Desemba 2024 watishie kugoma upya ndio hilo la wanagenzi likubaliwe.

Umeona mchezo? Huku kwetu mkataba unatiwa sahihi ili mgomo uishe. Kuutekeleza ni stori ya siku nyingine. Na tangu afya iende kaunti mwaka wa 2013, Nairobi inasema uliza gavana, gavana anasema pesa haijatoka Nairobi. Mpira unapigwa huku na huku, na sisi ndio uwanja.

Kwa hivyo hasira yangu ya kwanza iko kwa wanaovunja mikataba. Lakini madaktari, na nyinyi nina neno na nyinyi. Katiba kifungu cha 41 kinawapa haki ya kugoma, sikatai. Kifungu cha 43 kinanipa mimi haki ya matibabu, na kinasema wazi kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Nairobi chumba cha dharura kimoja kikifungwa, kuna kingine. Hapa ukifunga kimoja umefunga kisiwa. Mgomo wa Lamu hauwezi kunakiliwa kutoka Nairobi. Mkitoka, acheni timu ya dharura na ya kujifungua, na mseme hadharani iko wapi. Mtapata watu nyuma yenu. Mkiondoka wote, gavana atawaonyesha kidole na sisi tutamwamini.

Kaunti nayo isijifanye imeshtukizwa. Sheria inataka chama kitoe notisi ya siku 7 kabla ya mgomo. Siku 7 zinatosha kutangaza zahanati gani zitabaki wazi, boti ya wagonjwa iko jeti gani na ina mafuta, na nambari gani ya kupiga. Zinatosha pia kumpa yule mzee wa sukari dawa za miezi miwili badala ya mmoja. Tangazo lisomwe msikitini, libandikwe jeti, litumwe WhatsApp. Hakuna linalohitaji mfadhili hapo.

Na tusijifiche nyuma ya mashirika. Safari Doctors, waliyoianzisha watu wetu wenyewe akiwemo Umra Omar, wamefanya kazi kubwa ya kupeleka matibabu kwa boti vijijini. Heko kwao. Lakini kazi ya kaunti ya watu laki moja na zaidi haiwezi kuachiwa shirika.

Sasa wewe, kijana mwenzangu. Bajeti ya kaunti ikiletwa kwa maoni ya umma, wengi wetu tuko jeti tunapiga stori, tunawaachia wazee wakae kwenye viti. Kikao kijacho nenda, uliza maswali matatu tu. Madaktari wetu ni wangapi na wako wapi? Boti ya wagonjwa ina pesa ya mafuta ya mwaka mzima? Na siku ya kwanza ya mgomo, mtu wa Ndau aende wapi? Hakikisha majibu yameandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Yapige picha, uyatume kwenye grupu la mtaa, kabla notisi nyingine haijatoka.