Bao si uvivu

Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda, kuna kazi moja isiyo na mshahara na wengi wanaifanya kutwa: kungoja. Mtu anangoja mgao, anangoja kesi yake ya ukimbizi isikilizwe, anangoja kuitwa kwenye safari ya kuhamia Canada kama jirani aliyekwisha kuondoka. Makazi haya yalifunguliwa 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, wapo hata waliozaliwa humo wakapata wajukuu humo humo. Leo ikifanana na jana kwa miaka kumi, kichwa nacho hushika kutu. Mzee akianza kusahau jina la mjukuu, tunasema ni uzee, tunanyamaza.

Uzee upo, lakini haufanyi kazi peke yake. Mwaka 2024 tume ya wataalamu iliyoitishwa na jarida la tiba la Lancet ilitaja mambo 14 yanayochangia maradhi ya kupoteza kumbukumbu, ikakadiria kwamba karibu 45% ya maradhi hayo yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Yamo shule kidogo, masikio yanayofifia, presha, kisukari, sigara, pombe, kichwa kugongwa na upweke. Mengine tunayaona kila siku tukipita New Congo au Juru, humu Nakivale.

Na kichwa nacho kinahitaji mazoezi. Tuanze na mchezo wa bao, maana ndio unaoonewa zaidi. Wapo viongozi wa vijiji ambao wakiwakuta wazee wameinamia mashimo saa nne asubuhi hupita wakiguna: wavivu hao. Hatukubaliani nao. Safu nne, mashimo manane kila safu, kete 64. Hapa Uganda ni omweso, kwa Mnyarwanda ni igisoro, kwa mtu wa pwani ni bao. Mashimo ni yale yale, sheria ndizo zinazogombanisha watu.

Majuzi tuliwakuta wawili chini ya mti, Base Camp, humu makazini. Ubao wao umechimbwa ardhini, kete ni mbegu kavu. Mmoja dereva wa boda kutoka Mbarara, mwingine mzee wa Kirundi aliyejifunzia bao Kigoma.

“Hapo huli, mzee wangu.”

“Kijana, mimi hapo nakula tangu Kigoma.”

Wote wawili walikuwa sahihi. Kwenye omweso huli mpaka mashimo yote mawili ya mwenzako yaliyo mbele yako yawe na kete. Kwenye bao la Kigoma shimo la mbele linatosha. Wakapatana: raundi ya kwanza sheria za mzee, ya pili sheria za kijana. Tukakaa kutazama. Kabla ya kushika kete, mtu anapaswa kujua zitaishia shimo gani, zitakula zipi, na mwenzake atajibu vipi, na anahesabu kwa macho tu. Raundi ya pili mzee alikaa kimya muda mrefu, mdomo ukichezacheza, akisahaulisha kichwa chake sheria alizozizoea kwa miaka. Hayo ndiyo mazoezi yenyewe. Bao la kila siku na mtu yule yule unayemfunga kila siku halina faida hiyo. Tafuta anayekufunga.

Lugha nayo ni hivyo hivyo. Utafiti uliofanywa Hyderabad, India, ukachapishwa 2013, uliwaangalia wagonjwa 648 wa kupoteza kumbukumbu. Waliozungumza zaidi ya lugha moja, ugonjwa ulikuwa umewaanza miaka minne na nusu baadaye kuliko wenye lugha moja, na tofauti hiyo ilionekana hata kwa wasiojua kusoma. Wanasayansi bado wanabishana juu ya jambo hili, na wabishane. Lakini mama wa Kikongo anayeuza mukene (dagaa) kwa Kiswahili, akajibu kwa Kinyarwanda na kupunguziwa bei ya gunia kwa Runyankole, kichwa chake hakilali.

Na wenzetu wa mjini? Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mkazi wa Kamukuzi, mjini Mbarara, anayelalamika kwamba hajui aanzie wapi, ajue kuwa wazungumzaji wako Nakivale, Isingiro, wilaya ya jirani, na wanakuja sokoni Mbarara. Asalimie kwa Kiswahili, akosee, achekwe, arudie kesho.

Hesabu je? Mteja alikopa 3,500 juzi, leo anachukua maharage ya 4,000, anatoa noti ya 20,000. Mama duka wa zamani alikuwa amekwisha kushika chenji ya 12,500 kabla noti haijafika mkononi. Leo mwanawe anatafuta simu, na simu ikipatikana, kwanza anaangalia matokeo ya mechi alizowekea dau. Hatuna ugomvi na simu. Tunasema hesabu ifanywe kwanza kichwani, kisha simu ihakikishe.

Yaliyobaki ni ya mwili, na tutayasema kwa kifupi. Presha ipimwe hata kama huumwi. Anayeomba urudie kila neno apelekwe kupimwa masikio, asitaniwe. Waragi ipunguzwe, na hapo tunajua wako wasomaji wanaofunua ukurasa.

Tena tunarudi kwa yule dereva wa boda. Amecheza vizuri, raundi moja kafungwa, moja kafunga. Amemuaga mzee kwa heshima, amewasha pikipiki kurudi Mbarara kwenye lami yenye malori. Helmeti anayo, nzuri, nyekundu. Imening'inia kwenye usukani.