Mafunzo ya Tabibu wa Ayurveda: Kukariri au Kuhoji?

Mwarobaini ni mti unaofahamika katika viwanja vya shule nyingi za Afrika ya Mashariki. Jina lake latokana na imani kwamba hutibu maradhi arobaini. Asili yake ni Bara Hindi, na huko umetumika tangu zama za kale katika utabibu wa jadi uitwao Ayurveda. Hata hivyo, mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti kwamba mafuta ya mbegu za mti huo huo yaliwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Kuujua mti, basi, si kuijua dawa. Kati ya mambo hayo mawili pana mafunzo, na ndiyo sababu yafaa kuchunguza jinsi India inavyowaandaa matabibu wake wa jadi.

Zamani mwanafunzi wa Ayurveda aliishi na mwalimu wake na kujifunza kwa kumtazama. Siku hizi njia ni nyingine. Sheria ya mwaka 1970 iliweka baraza la kusimamia elimu hiyo nchini India kote, na sheria ya mwaka 2020 ikaanzisha tume iliyochukua nafasi ya baraza hilo. Anayetaka shahada ya kwanza ya Ayurveda hana budi awe amesoma fizikia, kemia na baiolojia katika sekondari, kisha afaulu mtihani wa taifa wa kuingilia chuoni. Husoma miaka minne na nusu, na baadaye hufanya kazi hospitalini mwaka mmoja chini ya uangalizi. Husoma Kisanskriti pamoja na vitabu vya kale vya Charaka na Sushruta. Papo hapo husoma muundo wa mwili, sumu, uzazi na upasuaji kwa mujibu wa sayansi ya leo.

Hapana shaka kwamba waasisi wa elimu hiyo walikuwa watu wa vitendo. Kitabu cha Sushruta chaagiza mwanafunzi ajizoeze kukata kwa kutumia matango na maboga, na kushona kwa kutumia nguo na ngozi, kabla hajamgusa mgonjwa. Chaeleza pia jinsi ya kulowesha maiti majini kwa siku saba ili viungo vya ndani vipate kutazamwa kwa macho. Huo ni moyo wa sayansi, ingawa maabara haikuwapo.

Tatizo ni kwamba si kila chuo kimeurithi moyo huo; aghalabu kinachorithiwa ni maneno tu. Chukua mfano wa mifupa. Charaka ahesabu mifupa 360, Sushruta ahesabu 300, na katika maabara mwanafunzi aonyeshwa mifupa 206 ya mtu mzima. Mwalimu mwaminifu atasema kwamba wazee walihesabu kwa namna yao, wakajumlisha meno na gegedu, na kwamba pengine walikosea. Mwalimu asiye mwaminifu atazungusha maneno mpaka hesabu zote zionekane sahihi. Mwaka 2022 profesa mmoja wa Ayurveda nchini India alikiri katika jarida la maadili ya tiba kwamba kwa miaka mingi alikuwa amefundisha kwa namna hiyo ya pili, akiyapa maneno ya kale maana mpya ili yalingane na sayansi ya leo. Kukiri huko kwastahili heshima kuliko vyeti vingi. Mwanafunzi anayesoma vitabu viwili vinavyopingana, asiruhusiwe kuuliza kipi ni kweli, atakuwa amezoea kukariri tu, hata akisoma miaka mingapi.

Faida ya kuhoji yaonekana katika mmea uitwao sarpagandha. Watu wa India waliutumia tangu kale kutuliza wagonjwa. Mwaka 1949 daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha matokeo ya kuwatibu kwa mmea huo wagonjwa 50 wenye shinikizo la damu. Mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi walitenga humo kemikali iitwayo reserpini, ambayo ikawa miongoni mwa dawa za kwanza za ugonjwa huo. Baadaye ilidhihirika kwamba kipimo kikubwa huweza kumtia mgonjwa huzuni nzito. Manufaa na madhara yote mawili yalijulikana kwa kuupima mmea, wala si kwa kuusifu.

Hasara ya kutohoji nayo ilionekana. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Utengenezaji wa dawa kutokana na madini ni somo katika vyuo vya Ayurveda. Kwa hiyo haitoshi kumlaumu muuza duka peke yake.

Wako wanaosema kwamba kuipima elimu ya jadi kwa mizani ya kisasa ni kuendeleza dharau ya mkoloni. Dharau hiyo ilikuwapo kweli: mwaka 1835 Waingereza walifuta masomo ya utabibu wa jadi katika Chuo cha Kisanskriti cha Calcutta. Lakini mkoloni yule hakupima, alifuta tu. Anayepima anakubali kwamba huenda pana kitu cha thamani. Mganga hajigangi, na uganga nao hauwezi kuwa shahidi wa nafsi yake.

Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na utafiti wa dawa za asili ulianza Muhimbili mwaka 1974. Orodha ya waganga waliosajiliwa hutaja mganga ni nani. Haisemi kama dawa yake yaponya. Jibu hilo litatoka kwa vijana walio sasa katika madarasa ya kemia na baiolojia. Mwalimu akiwapeleka chini ya mwarobaini, asiwaulize tu mti huo hutibu nini. Awaulize pia: ni sehemu gani ya mti, kwa kipimo gani, kwa mgonjwa yupi, na nani amehakikisha?